Sahani Zisizolala Nyumbani

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na kila nilipofika kwenye maneno yanayokaribiana maana, wanafunzi wangu walijua kwamba siku hiyo hatutamaliza kipindi. Walikuwa wakinichokoza makusudi. Mmoja atanyoosha mkono, uso mpole kabisa, aulize: "Mwalimu, kudunduliza na kulimbikiza si kitu kimoja?" Nami, huku nikijua ninachokozwa, nilikuwa naweka chaki mezani na kuanza kuwasimulia habari za sahani za mama yangu. Kamusi inasema ni karibu kitu kimoja: kuweka kidogo kidogo mpaka vikawa vingi. Sigombani na kamusi. Lakini kamusi haikuishi Mwananyamala miaka ile, na mimi niliishi.

Mama alikitumia kitenzi cha kudunduliza kwa kila kitu. Mvua ikinyesha tulidunduliza maji, sufuria kwa sufuria, mpaka pipa lijae. Vifuu vya nazi vilidundulizwa nyuma ya nyumba vikawa kuni. Mchana akijilaza kabla ya shughuli ya kwenda kukesha kwenye jiko la watu, ukimsemesha alijibu bila kufumbua macho, "Niacheni, nadunduliza usingizi." Lakini hakulitumia neno hilo ovyo. Mtu aliyeshinda bahati nasibu, huyo amepata, hakudunduliza. Mabanzi ya mpingo yaliyojaa barazani, maana baba alikuwa mchonga vinyago, yalikuwa yamerundikana. Na mfanyabiashara aliyenunua mchele gunia juu ya gunia akaufungia ndani mpaka bei ipande, mama alisema amejaza, kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumzia choo.

Kudunduliza kulikuwa ni kazi ya mtu ambaye leo ana kimoja, hajui kingine atakipata lini, na bado anaanza. Tena ilikuwa lazima ajue sababu. Ukimwambia mama kwamba unadunduliza, hakukuuliza una kiasi gani. Alikuuliza, "Unadundulizia nini?" Ukibabaika kujibu, alikuona huna maana.

Yeye alidunduliza sahani.

Wazazi wangu walitoka kusini, mama upande wa pwani ya Lindi na baba huko juu kwenye uwanda, wakaja Dar es Salaam uhuru ukiwa bado mbichi. Walipanga chumba Mwananyamala kwenye nyumba ya udongo, wakiwa na kitanda, jiko la mafiga, sufuria mbili, sahani mbili na patasi za baba. Kabla sijazaliwa walikuwa na mtoto wa kiume. Alikufa kwa homa bado hajatembea. Watu wa mtaani walikuja msibani kama inavyotakiwa, wakachanga mchele na maharage, wakapika. Wakati wa kula ndipo ikaonekana hakuna vyombo vya kulia chakula. Walizunguka nyumba za jirani wakapata vyombo vichache, na waombolezaji wakala kwa zamu: huyu anamaliza, sahani inasuuzwa harakaharaka, anapewa aliyekuwa amesimama pembeni akiangalia. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, mwanawe hata saa moja ardhini hajamaliza, akamsikia mwanamke mmoja nje akisema kwa kicheko cha chini, "Hawa wa kusini wamefiwa kabla hawajanunua sahani."

Mama alinisimulia jambo hilo mara moja tu katika maisha yake, na hakulia aliposimulia. Alikuwa na hasira. Mimi hasira hiyo nimeirithi nzima, na mpaka leo nikikumbuka maneno ya mwanamke yule, ambaye hata simjui, natamani angekuwa mbele yangu.

Basi baada ya arobaini mama akaanza kukaanga vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni. Faida ilikwenda kwenye mafuta, unga na nguo za mwili. Kilichosalia, na mara nyingi hakikusalia kitu, kilingojewa mpaka kitoshe sahani moja ya bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu na ua katikati. Akiinunua, aliileta nyumbani imefungwa kwenye kanga, akaiosha, akaigeuza kifudifudi. Hapo ndipo nilipokuwa naitwa, nilipokuwa mkubwa wa kutosha. Kulikuwa na kopo la rangi nyekundu alilopewa na jirani aliyekuwa akiandika mabango ya maduka. Nilichovya njiti ya ufagio, nikaweka tone moja nyuma ya sahani, katikati kabisa, nikaipuliza mpaka ikauka. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Sikuwahi kupewa kazi nyingine iliyonifanya nijione mtu kama ile, na miaka mingi baadaye nilipopewa cheti changu cha ualimu nilijisikia vizuri, lakini si vizuri kuliko siku ya tone langu la kwanza.

Mtaani walitucheka. Hatukuwa na redio, hatukuwa na viti vya kukalia wageni, mama alikuwa na kanga zake za kubadilishana na gauni moja la Idi, lakini sahani zilizidi kuongezeka. Baba naye alimtania. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na alimchongea mama pawa na miko ya kupikia watu wengi bila kuombwa, lakini utani haukumshinda.

"Iko siku utanidunduliza na mie," alimwambia.

"Wewe nilikupata mara moja," mama akajibu. "Kama mafua."

Mwanzoni alinunua masinia makubwa, kwa sababu kwao pwani watu hula wamezunguka sinia. Kisha akaja kuombwa vyombo na karani mmoja mtu wa bara aliyekuwa anaishi nyuma ya hospitali. Mwanawe alikuwa anabatizwa. Mama akampelekea masinia. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka kanga inamvuka. Wageni wa karani, wote watu wa bara, walisimama na masinia ya wali mbele yao hawajui nani akae na nani. Mwishowe wakakaa, na mzee mmoja kwa adabu yake akajitengea fungu kwenye ukingo wa sinia, akalizungushia wali kama ukuta ili asije akala cha mwenzake. Tangu siku hiyo mama akadunduliza vya aina zote mbili, masinia kwa watu wa pwani na sahani za mtu mmoja mmoja kwa watu wa bara, na aliyekuja kuomba vyombo aliulizwa kwanza wageni wake ni watu gani.

Hakutoza chochote. Sheria yake ilikuwa kwamba vyombo vya msiba vinarudi vitupu, vya furaha havirudi vitupu. Aliyeoza binti alirudisha sahani zikiwa na kitu juu, pilau iliyobaki, vitunguu, chumvi kwenye karatasi, na aliyejaliwa aliongeza sahani mpya kabisa katikati ya zile za zamani. Mama alipoikuta alinitazama tu, nami nikaenda kuleta kopo la rangi. Ndivyo zilivyozaliana, hata ikafika mahali kwamba kutoka kwetu mpaka Ubungo, mtu akifiwa au akioza, kabla hajafikiria mchele alikuwa ametuma mtu kwetu.

Halafu ikaja miaka ya shida. Waliokuwepo wanaikumbuka: sabuni ya foleni, sukari ya foleni, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Duka la ushirika la mtaani kwetu lilikuwa na rafu safi kuliko rafu zote nilizopata kuona, kwa sababu hazikuwa na kitu. Na kweli walikuwepo watu walioficha vitu. Sitaki kusema hawakuwepo. Kuna mtu mtaa wa pili alikutwa na sabuni mpaka darini, wakati akina mama wanafua kwa majani ya mpapai. Ndipo msako ulipoanza, na ndipo neno kulimbikiza lilipochukua sura niliyoikuta mimi shuleni. Zamani lilikuwa neno la kawaida, hata la kusifu. Sasa lilikuwa neno la kukamatia mtu. Tuliambiwa tuchore picha ya mlimbikizaji. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora, nikamchora na tumbo lake, amekalia magunia, na mwalimu akaibandika ukutani.

Alasiri moja, Jumapili, tuliitwa kwenye mkutano uwanjani. Katibu wetu wa tawi alikuwa kijana kwa umri, mkali, msafi, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapanga foleni ya sukari kama sisi, na mkewe hakupitishwa mbele, hilo mtaa mzima uliliona. Lakini alikuwa amepewa kazi ya kusaka na alitaka kuifanya. Alisema mengi kuhusu maadui wa mwananchi, kisha akashusha sauti.

"Wapo humuhumu mtaani," alisema. "Kuna nyumba ina sahani na masinia ya kulisha kata nzima, na dukani hakuna hata kijiko. Huko ni kulimbikiza, ndugu zangu. Kesho asubuhi tutapita."

Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka kumtazama mama mmoja baada ya mwingine, na baadhi ya vichwa hivyo vilikuwa vimekula kwenye sahani zake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, ule mchoro wangu wa mwenye tumbo ukanijia machoni. Mama alikuwa amenyoosha mgongo. Alipoona watu wanamtazama, naye akawatazama mmoja mmoja mpaka wakageuka.

Tulijua maana ya kupitiwa. Vitu vinapakiwa kwenye gari, mwenyewe anakwenda kuhojiwa, na hata akirudi, jina lake halirudi naye. Baba, tulipofika nyumbani jioni ile, alikuwa ameshaamua. Alisema atamwomba mwenye mkokoteni, vyombo vipelekwe Temeke kwa kaka yake vifukiwe chini ya mabanzi. Akaenda kwenye chumba cha nyuma, mahali pa uchaga wa vyombo, mkononi ana gunia.  Kisha tukasikia anacheka.

Uchaga ulikuwa mtupu. Sahani za watu wa bara zilikuwa kwa yule karani, alikuwa anabatiza mtoto mwingine siku hiyohiyo. Masinia na mabirika ya kunawia yalikuwa kwa mjane mmoja aliyefiwa na mumewe, kesho yake ilikuwa hitima. Kilichobaki ni bakuli moja lililotoboka. Katika harara zake baba alisahau jambo ambalo kila mtu wa nyumba ile alilijua, kwamba vyombo vya mama havilali nyumbani.

"Haya," baba alisema, ametulia moyo. "Waje. Watakuta nini?"

"Hujaelewa," mama alimwambia. "Wakikuta vyombo, watasema nimelimbikiza. Wasipokuta, watasema nimeficha. Bora hata ningekuwa navyo."

Nilimwona baba anaketi polepole kwenye kitanda na gunia lake. Alikuwa ameelewa.

Walikuja asubuhi vitumbua vikiwa bado motoni, katibu na mgambo wawili. Waliamkia vizuri, katibu akasema "Shikamoo mama," mama akaitikia marahaba. Akawafungulia chumba cha nyuma. Katibu alisimama mbele ya uchaga, akauona ulivyo mrefu, alivyoufunga baba kwa kamba kuta mbili nzima, na ulivyo mtupu. Akainua bakuli lililotoboka, akalirudisha.

"Mama, vyombo viko wapi?"

"Viko kazini."

"Mama, naomba tusitaniane. Mtaa mzima unajua unavyo. Jana nimesema tutapita, leo hakuna kitu. Mimi nielewe nini?"

Mgambo mmoja alikuwa tayari anachungulia uvunguni. Baba alisimama mlangoni ameshika patasi, si kwa ubaya, alikuwa tu ametoka kazini nayo, lakini mgambo wa pili hakuipenda na akamwambia aiweke chini. Nikaona mambo yanaanza kwenda vibaya. Mama akaepua karai, akapunguza moto, akajifunga kanga ya pili.

"Ndugu Katibu," alisema, "mie siwezi kukueleza ukaamini. Twende nikuoneshe."

Basi tukatoka, mama mbele, katibu na mgambo nyuma yake, mimi nyuma ya mgambo, na nyuma yangu mtaa. Sijui nani aliwaita. Kila nyumba tuliyopita ilitoa mtu, na mtu aliyetoka hakurudi ndani. Wengine walidhani mama amekamatwa na walikuja kuitazama aibu yake. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzie, "Kumbe." Sikugeuka nyuma.

Kwa karani nyuma ya hospitali, sahani zilikuwa zimeshaoshwa, zimeanikwa juani kwenye uchanja wa uani, safu kwa safu. Mke wa karani alipoona mgambo alishika kifua. Mama akamwamkia, akachukua sahani moja, akaigeuza. Tone langu jekundu lilikuwa pale. Akaigeuza nyingine. Katibu akazigeuza mwenyewe zilizofuata, na kila aliyoigeuza ilikuwa na tone.

"Amekukodishia kwa bei gani?" alimuuliza mke wa karani.

Yule mwanamke alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Kunikodishia? Nitazirudisha na mchele kidogo juu. Si shughuli ya furaha?"

Hapo nilifikiri yamekwisha. Lakini katibu alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake, akasema na masinia pia ayaone. Tukaenda.

Kwa mjane hitima ilikuwa imeshasomwa. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani barazani na kwenye kivuli cha ukuta, na masinia ndiyo kwanza yanatolewa jikoni, wali wa mchango, kila nyumba ilikuwa imetoa chake, na mchuzi mwepesi wa samaki. Watu waligeuka kututazama, msafara mzima na mgambo wake. Mzee wa nyumba, kaka wa marehemu, hakuuliza tumefuata nini. Msibani hakuna anayeulizwa hivyo. Alisema tu, "Karibuni, nawieni mikono," na birika la mama lenyewe lilikuwa limeshainuliwa mbele ya katibu.

Katibu alisitasita. Alikuwa amekuja kukamata vyombo, na sasa vyombo hivyo vilikuwa na chakula cha marehemu. Kukataa mbele ya watu wote wale lilikuwa jambo ambalo hata yeye, na vifungo vyake vyote, hakuliweza. Akavua viatu, akanawa. Mgambo wakaegesha virungu vyao ukutani, wakanawa. Wote watatu wakakaa kwenye sinia moja pamoja na mzee wa nyumba, wakala. Njaa walikuwa nayo, ilionekana. Miaka ile nani hakuwa nayo?

Mama alikuwa amesimama upande wa wanawake, mikono ameifumbata. Hakumharakisha. Alingoja mpaka sinia likabaki na punje, mzee akaomba dua fupi, watu wakaitikia. Kisha katibu, bila kuambiwa na mtu, akaliinua sinia kwa mikono miwili, akachungulia chini yake. Nilikuwa mbali kidogo, lakini nilijua anachokiona kwa sababu nilikiweka mimi.  Halafu akalishusha sinia taratibu, bila kuligeuza, akaliweka mkekani palepale.

Mjane alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia siku nyingi, "Mwanangu, kama ni ya kuchukuliwa, niambie mapema. Nina watu wengine hawajala."

"Hapana mama," katibu alijibu. "Endeleeni."

Tuliporudi nyumbani mtaa haukuwa nyuma yetu tena. Ulikuwa pande zote mbili za mama, unaongea naye. Yule aliyesema "kumbe" alikuwa wa kwanza kuchukua kitumbua, ingawa vilikuwa vimepoa. Baba alirudi kwenye kinyago chake, akakigonga siku ile kwa nguvu kiasi cha kukivunja sikio. Hakujali. Alikichonga upya kikawa na sikio moja dogo, na aliyekinunua alikipenda hivyohivyo.

Ningependa kuwaambia wanafunzi wangu kwamba hadithi inaishia hapo, lakini sehemu ninayojivunia zaidi ilikuja mkutano uliofuata. Katibu alisimama akamsifu mama mbele ya watu wote. Alisema mama huyu ndiye mjamaa, na watu wakapiga makofi, nami nikapiga mpaka viganja vikauma. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa mali hii ni ya faida kwa wote, tawi limeona ni vizuri iwe ya wote kweli. Vyombo vihamishiwe ofisini, viwekwe kabatini, na atakayehitaji aje aombe kwa utaratibu. Alisema kwa nia njema, uso unang'aa. Nadhani alifikiri anampa mama zawadi.

Makofi yalipungua. Watu hawakujua washangilie au wanyamaze. Mama akasimama. Hakuwa amewahi kusema mkutanoni, na mimi nilishika ncha ya kanga yake bila kujua kwa nini.

"Ndugu Katibu, mie nashukuru," alisema. "Ila ofisi yenu inafungwa saa tisa. Watu hawafi saa za kazi."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele. Katibu mwenyewe alitabasamu kidogo. Mama hakutabasamu.

"Mtu akifiwa Jumamosi, ufunguo utakuwa kwa nani? Atangoja Jumatatu? Mie nilifiwa, watu wangu wakala kwa zamu. Nilidunduliza ili mtu mwingine asije akala kwa zamu msibani, kama ilivyokuwa kwa mwanangu." Hapo akaikaza kanga yake kiunoni. "Uliponiambia nimelimbikiza, sikukujibu, maana halikuwa kweli. Lakini mkizifungia sahani zangu kabatini, hapo zitakuwa zimelimbikizwa. Tena na nyie."

Akakaa. Nilimtazama usoni na nikajua kwamba katika maisha yangu sitamwona mtu mkubwa kuliko yule, na sijamwona. Mwenyekiti wa mkutano, mzee aliyekuwa amesinzia nusu, akasema hoja hiyo imeeleweka na tuendelee na habari ya kusafisha mitaro.

Siku chache baadaye katibu alikuja nyumbani peke yake, amebeba kitu kimefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa sinia. Si jipya, limetoka chumbani kwake, limechubuka ukingoni. Alimpa mama kwa mikono miwili. "Nimeanza na moja," alisema. Mama akalipokea, akaligeuza, akaniita nilete kopo.

Miaka mingi imepita. Kiwanja changu cha Goba nilikijenga kwa mshahara wa mwalimu, tofali kwa tofali, na majirani waliponiuliza nitamaliza lini niliwajibu kwamba nadunduliza. Mama alikuja kuishi nami huko na huko ndiko alikofia, mwili umechoka, ulimi bado mkali. Baba alikuwa ametangulia. Siku ya msiba wapwa zangu, wajukuu wa baba mkubwa wa Temeke, vijana wa sasa, walisema watanunua sahani za plastiki za kula na kutupa. Niliwajibu vibaya. Sikujali kwamba ni msiba, niliwajibu vibaya, na mmoja akaniuliza, "Sasa shangazi, watu wote hawa watakula kwenye nini?"

 Nyingi za sahani zetu zilikuwa zimesambaa tangu zamani, na sikujua ziko kwa nani. Lakini kabla wali haujaiva, magari na bodaboda zikaanza kupanda kilima. Watu wa Mwananyamala walikuja, na watoto wao, na wajukuu wa watu ambao sikuwa nimewaona tangu nikiwa msichana, na kila kundi lilishusha vyombo. Niligeuza sahani moja, ina tone jekundu, limefifia lakini ni la mkono wangu. Niligeuza ya pili, ina tone la buluu. Ya tatu ilikuwa na kijani. Nikamuuliza mwanamke aliyeileta hii kijani ni ya nani.

"Ya bibi yangu," alisema. "Alianza kudunduliza baada ya hitima ya babu. Kwani hukujua? Pale mtaani kila nyumba ina rangi yake."

Sikujua. Mama sijui kama alijua. Nilikwenda nikasimama kwenye ngazi za baraza wakati chakula kinatolewa. Chini ya turubai watu wa pwani walikuwa wamezunguka masinia yao na watu wa bara wameshika kila mmoja sahani yake, na nilitazama kutoka pembe moja mpaka nyingine. Hakuna aliyekuwa amesimama akimngoja mwenzake amalize.